Mguu Usiosikia Breki

Biira,

Usiguse pikipiki. Najua umekuja na viatu mkononi ili nisisikie, na barua hii umeikuta juu ya kiti, kwenye shuka niliyoifunikia. Kaa chini. Washa taa, hakuna wa kumficha. Soma mpaka mwisho ndipo ufunue shuka. Ukifunua kabla, utapiga kelele uamshe majirani, na sitaki Bwera nzima ijue mambo yetu kabla ya adhana.

Sikuulizi hali. Ninavyoandika, jua halijazama, na ninakusikia upande wa pili wa ua kwa jirani yetu Kabugho, anakusuka mistari ya kulala ili helmeti iingie. Mnacheka. Nimekusikia pia ukimwambia, "Nitatoka kabla Bibi hajaamka. Sitaki anililie." Ua wetu ni wa matete, mwanangu, si wa matofali. Umekulia humu na bado hujajua?

Nani alikwambia mimi hulia? Nilimzika babu yako na kanga yangu ikabaki kavu, watu wakanisema mpaka wakachoka. Mimi silii. Ila kuogopa, hilo sikatai. Naogopa tangu siku ulipopigiwa simu ya kazi ukaruka hapa sebuleni ukavunja kikombe changu. Nilifurahi. Nilitembea soko zima nikisema mjukuu wangu ni daktari wa ng'ombe, ameitwa kazini Moroto. Ukanisahihisha mbele ya watu, "Si daktari, Bibi, msaidizi." Nikakwambia nyamaza, ng'ombe hatauliza cheti. Usiku ule ndipo nikafikiria njia. Kutoka hapa mpakani kwa Wakongo mpaka kule karibu na Kenya, nchi nzima, na wewe juu ya magurudumu mawili.

Nilisema pikipiki ipande juu ya basi na wewe ukae ndani kama binti wa watu. Ukasema wakiifunga huko juu watakunja usukani. Sawa. Halafu ukasema neno la kweli: "Bibi, nataka kuiona nchi yote kwa macho yangu, polepole." Hapo nikaacha kubishana, kwa sababu hata mimi ningetaka.

Habari za kula na kuoga sitakuandikia. Umelelewa. Mandazi yako kwenye mfuko. Nitakuandikia habari ya vile vyuma viwili unavyowekea miguu, kwa sababu nilikuamuru bila kukupa sababu, na wewe si mtu wa kuamriwa. Hilo umelirithi kwangu, usimlaumu mama yako.

Unakumbuka uliporudi kutoka Bugoye kumuaga shangazi yako? Ulishuka ukashika ukuta.

"Bibi, miguu imekufa."

"Imekufa vipi?"

"Siisikii. Ni kama nimekanyaga siafu, halafu siafu wenyewe wakalala."

Tulicheka. Nilicheka wa kwanza. Nikaenda jikoni kukupashia maji ya kuikanda, na huko jikoni maji yakanimwagikia motoni. Wewe ulidhani nimekasirika kwa sababu kuni zilizimika.

Nilijua kinachofuata. Pikipiki uliyoinunua Kasese ni ya watu wa kuzunguka porini. Vyuma vyake vya miguu vina meno kama msumeno, buti ya matope isiteleze. Katikati ya yale meno palikuwa na mpira wa kiwandani. Aliyekuwa nayo mwanzo aliutoa au ulimtoka, sijui, watu hawatunzi vitu. Kwa hiyo mtikisiko wote wa injini unapanda kwenye nyayo zako bila kuzuiwa na kitu. Kwenda sokoni hutausikia. Kwenye lami ndefu, unakaa mwendo mmoja, mti baada ya mti, unaingia kwenye mifupa.

Asubuhi yake ukatafuta tyubu ya gari, ukaikata vipande virefu, ukavizungusha kwenye vyuma mpaka vikawa vinene kama mihogo. Ukakanyaga, ukanitazama umefurahi. "Ona Bibi! Godoro!"

"Toa hiyo mipira," nikasema.

"Kwa nini?"

"Toa."

"Bibi, niambie sababu."

"Sababu ni kwamba mimi ndiye mkubwa katika nyumba hii."

Ukanitazama tu. Mipira ukaiacha. Mimi nikanyamaza siku mbili, na unajua nikinyamaza hata kuku hutoka uani. Sababu ilikuwepo. Nilishindwa kuisema kwa sababu ndani yake kuna nyati.

Ndiyo, yule nyati. Kovu la muundi wangu ambalo tangu utoto wako ulikuwa ukilishika ukisema, "Bibi, tuambie tena vile nyati alivyokuja." Na mimi nasimulia, na pembe zinarefuka kila mwaka. Hakukuwa na nyati, Biira. Niliona nyati wengi barabara ile, wamelala kwenye matope na wala hawana habari na mtu. Kovu lile nilijipa mwenyewe, kwa tyubu ya gari.

Babu yako alikuwa akipeleka lori Kongo, anakaa huko mpaka nguo zake zinasahau harufu ya nyumba. Pikipiki yake ilibaki hapa, na alikataza nisiipande. Kunikataza mimi! Nikajifundisha kwenye uwanja wa mpira, kwa kuanguka. Nikaanza kwenda Katwe kuchukua samaki wabichi, nawaleta Bwera. Wanawake wengine walingoja gari mpaka samaki wananuka. Wangu walifika wangali wanatazama. Acha nijisifu, nani mwingine atanisifu?

Lakini ile pikipiki ilitikisika kama inasaga mahindi. Nikifika njia panda ya Kikorongo miguu imeshalala. Kuna mtu ningemuuliza? Mafundi walijaa. Sikuuliza. Nilijua wangesema, "Si tulisema pikipiki si ya mwanamke?" Basi nikakata tyubu ya lori, nikazungusha, nikazungusha tena, nikafunga. Siku ya kwanza nilisikia raha mpaka nikaimba. Nikawaambia wanawake wa samaki, "Mimi nakanyaga godoro." Neno lilelile lako. Uliposema hivyo hapa uani, damu ilinishuka mpaka kwenye vidole.

Mvua ilinikuta napita Kinyamaseke, nateremka. Mbele yangu ng'ombe wakaanza kuvuka barabara, taratibu, unawajua ng'ombe wewe kuliko mimi. Nikapeleka mguu wa kulia kwenye breki. Haukufika. Ule mpira mnene ulikuwa umenyanyua mguu wangu juu, vidole vinakanyaga hewa. Nikausukuma mbele kwa nguvu, na mpira ulioloa unateleza kuliko samaki. Mguu ukachomoka wote. Na hata nilipoipata breki sikujua kama nimeikanyaga au nimekanyaga bomba la moshi, maana mguu ulikuwa umekufa. Mguu usiosikia breki, Biira. Mtu anadhani amesimama, kumbe bado anakwenda.

Niliingia mtaroni, nikatokea kwenye shamba la pamba. Chuma kikanichana muundi. Hilo si kitu.

Mama yako alikuwa mgongoni mwangu.

Nilikuwa nimemfunga kwa kitenge, kama tulivyofanya wote. Nilipolala pale kwenye pamba na mvua inanipiga usoni, sikumsikia. Nilisema, "Masika." Hakujibu. Nilikuwa namlalia? Sikujua. Mikono ilikataa kufungua fundo. Nikazungusha kitenge, naye akaja mbele yangu, macho wazi, ananitazama. Tope mpaka kwenye kope. Hakulia. Alikuwa ameshika sikio langu, na hakuliachia mpaka watu walipotufikia. Halafu akalia, na mimi nikamshukuru Mungu kwa kelele ile kama vile nimepewa mtoto mara ya pili.

Ule unyamavu, mwanangu, haujaniondoka. Simu ikilia na jina silijui, nausikia. Ulipokwenda Bugoye nikauona mchana mzima. Kesho utakapokuwa njiani nitakaa nao kama mgeni asiyeaga. Ndiyo maana nilikupigia kelele za ukubwa wangu. Mtu akiogopa, ukali ndio unaotangulia kutoka. Nimeishi hivyo na mama yako, nikimkaripia kila anapovuka barabara, mpaka akaolewa Karusandara apumzike sikio. Leo asubuhi ulipokwenda kumuaga, alikwambia nini? Uliniletea salamu tu. Kama alikwambia kwamba bibi yako anafoka kwa sababu ana hofu, amekwambia kweli, na yeye ndiye anayejua.

Nyati alikuja hivi. Watu walipouliza kidonda, nikasema nyati. Bwera ikampenda yule nyati. Walimwongezea pembe, wakamwongezea mke. Babu yako aliporudi akautazama mguu wangu. Akatoka kuitazama pikipiki. Akarudi mlangoni na kipande cha tyubu mkononi.

"Mama Masika," akasema, "nyati wako alikuwa amefungwa mpira?"

Nikasema, "Chakula kinapoa."

Akala. Kesho yake akatoa mipira yote, akaniita. Nilidhani ananifukuza. Akanipa spana. Akasema kama nitaipanda, basi niipande kwa akili. Unajua wale madereva wa lori wa hapa wanavyofanya kabla ya safari, wanazunguka gari gizani wanagusa kila nati kwa mkono, wanasema wanalisalimia gari? Alinifundisha kuisalimia pikipiki. Kila kitu kinachoshika kitu kingine unakigusa, unakitikisa, na kinachokujibu kwa kucheza unakikaza. Alikuwa akisema mtikisiko una nyumba yake, na ukiuziba mlangoni tu, wenyewe uko ndani unakula.

Sasa nikwambie nilichofanya leo, na usinikatize.

Ulipopanda gari kwenda Karusandara, nilivaa suruali ya babu yako chini ya gauni, nikachukua kisu, nikakata ile mipira yako yote, kwanza kabisa. Halafu nikaipanda pikipiki yako.

Umefungua mdomo. Ufunge. Ni ndefu kuliko ile yangu, ndiyo, nilipandia kwenye kizingiti. Pale steji vijana wa boda walisimama wote.

"Mama Masika! Unaenda wapi na pikipiki ya mjukuu?"

"Naenda kukutafutia akili, nikipata nakuletea."

"Rudi na mbili, Mama, na huyu mwenzangu hana!"

Nikawaacha wanapiga kofi. Nikaipeleka barabara ya Kikorongo, lami tupu, nikaifungulia. Niliogopa, sikudanganyi. Ila nilitaka kuisikia kwa miguu yangu mwenyewe. Na nikaisikia. Kuna mwendo mmoja pikipiki yako inauchukia. Chini yake kidogo inatulia, juu yake kidogo inatulia, ukikaa palepale inakusaga. Kisha nikaona jambo la pili: mguu wa kulia ulitikiswa kuliko wa kushoto. Injini ni moja. Kwa nini upande mmoja uumie zaidi?

Nikaenda kwa fundi Bwambale. Kwanza akasema, "Mama, hizi za porini zote zinatikisika, ni kawaida yake." Nikamwambia kawaida ni kufa pia, lakini hatukimbilii. Akapiga magoti. Akakagua mnyororo, akasema aliyeufunga anajua kazi, haujalegea wala haujabana. Ni wewe uliyeufunga. Upepo wa matairi, sawasawa. Ni wewe. Nasema hapa ili usiseme bibi haoni mema yako. Halafu akaingiza mkono chini, upande wa kulia, akaniita.

"Lete kidole, Mama. Gusa hapa."

Nikagusa. Bolti moja inayoshika injini kwenye fremu ilikuwa inacheza kama jino la mtoto. Alipoichomoa, meno yake yameliwa, imebaki ngozi tu.

"Hii mjukuu wako angefunga mpira miguuni asingeijua," Bwambale akasema. "Angesikia raha mpaka ikatike. Anakwenda wapi?"

"Moroto."

"Eh! Mbarara asingeiona."

Nikakaa kwenye benchi lake. Akasema bolti ya namna ile hapa Bwera hakuna, labda Kasese, na mwenye duka yule anaweza kuwa nayo au akaagiza Kampala. "Nifanye nini, Mama? Nitume mtu Kasese sasa hivi, au tungoje mpaka wiki ijayo?"

Biira, sikiliza. Nitakwambia ukweli kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Nilikaa pale na ile bolti mbovu mkononi, na nikaona njia. Ningerudi nyumbani nikakwambia pikipiki ni mbovu, bolti haipo, fundi amesema. Yote kweli. Ungengoja wiki. Wiki ingekuwa mbili. Kule Moroto wangechoka wakamchukua mwingine, ungelia, ningekupikia, na jioni ningekuwa nakusikia ukicheka na Kabugho nyuma ya matete. Ningelala usingizi. Sijalala usingizi tangu ile simu.

Bwambale akafuta mikono, akangoja. Mwanamke alipita na ndizi akanisalimia, sikumjibu, sasa ananiona nina majivuno. Ninayo, lakini si kwake.

Nikaitazama ile bolti. Nikasema, nitakuwa nimemzuia mjukuu wangu kwa kitu kama hiki? Kilicholiwa meno? Siku ungejua, na ungejua, wewe unafungua kila kitu kuona ndani, ungeondoka usiku na pikipiki yoyote, bila kuisalimia, bila kuniambia. Kama mimi nilivyotoka na samaki wangu.

"Tuma mtu," nikasema. "Na aende polepole, hakuna anayekufa."

Kijana mmoja wa boda alikwenda Kasese akarudi nayo mchana, na nyingine ya akiba. Bwambale akafunga. Akaweka na ile pete ya chuma inayozuia nati kurudi nyuma. Nikaipanda tena kidogo. Imetulia, mwanangu. Haijanyamaza, na isinyamaze, lakini miguu yote miwili sasa inapata sawa.

Yakabaki yale meno ya vyuma. Nikaenda kwa Papa Kambale, Mkongo yule anayekata kandambili za tairi karibu na soko, uliyemwita mchawi ulipokuwa mdogo. Nikamwonyesha.

"Mama, unataka nivalishe pikipiki viatu?"

"Ndiyo. Na ivae vizuri kuliko wewe."

"Hii mutoto iko naenda wapi?"

"Moroto, kwa wenye ng'ombe."

"Aka! Mutoto mwanamuke, peke yake?" Akanitazama, akaona uso wangu, akabadilisha. "Bien. Basi viatu vyake ikuwe ya nguvu."

Alikata kwenye ubavu wa tairi, pale palipo pagumu na bado panapinda. Kipande kinakaa katikati ya meno, kimefungwa kwa chini, na meno yanachungulia juu kidogo, kidogo tu, yaing'ate buti mvua ikinyesha. Mguu haukunyanyuliwa. Nilikaa juu, yeye ameishika, nikakanyaga breki mara nyingi mpaka akasema, "Mama, utaimaliza breki ya mutoto." Mguu unafika. Nimefumba macho nikakanyaga, unafika. Alikataa malipo, akasema umwombee ng'ombe mmoja huko Moroto. Mwambie wewe mwenyewe kwamba haiwezekani.

Sasa sikia machache, nami nitanyamaza.

Kwenye chuma weka katikati ya wayo, usisimamie vidole. Mahali barabara imenyooka, inuka kidogo, damu ishuke. Ule mwendo unaochukiwa usikae nao, punguza. Sikusema uongeze. Kabla ya daraja la Katunguru simama, shuka, chezesha vidole ndani ya buti. Ukivisikia vyote, endelea. Usipovisikia, hupandi, hata kama jua linazama, hata kama umeahidi watu. Fanya hivyo kila unaposimama, mpaka Moroto. Na isalimie pikipiki kila asubuhi kwa mkono, usitazame kwa macho tu kama mwenye gari la kifahari.

Kitu kikianza kukutikisa upya, usitafute cha kukizibia. Tafuta kinakotoka. Na usipokipata, uliza. Uliza hata mwanaume mjinga. Mimi nilikuwa radhi nimuue mtoto wangu kuliko kumuuliza fundi, ndivyo nilivyokuwa na kichwa, na kichwa hicho ndicho ulichobeba juu ya shingo hiyo nyembamba.

Ukiogopa njiani, nipigie simu, useme tu, "Bibi, naogopa." Sitakucheka. Sitakwambia nilikuonya. Nitajaribu.

Haya. Funua shuka.

Umeona? Upande wa kulia uko tayari, wenye breki, huo niliukagua mwenyewe. Upande wa kushoto hauna chuma cha kuwekea mguu. Usizunguke kukitafuta chini. Chuma cha kushoto kiko chini ya mto wangu, na pini yake, na springi, na koleo. Nimekitoa mimi kabla hujarudi kutoka Karusandara, na kilinitoa kijasho. Ulitaka kutoka bila kuniamsha. Basi toka, tuone.

Njoo chumbani, Biira. Sijalala. Nilikuwa nikikusikiliza ukisoma. Tutakifunga pamoja. Wewe utaingiza pini, macho yako ni mazuri, mimi nitashika tochi. Na tochi ikitikisika, usitafute bolti.

Bibi yako,
Mama Masika